Gredi ya 1 inapumua, mji umejaa vijana: hiyo neema iko wapi?

Swali: Daktari, pokea salamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bahati, Nakuru, ingawa kwetu ni Vihiga. Miaka ile elimu ya bure ilipoanza, darasa la kwanza lilifurika hadi watoto wakaketi sakafuni. Siku hizi Gredi ya 1 inapumua kidogo, ila waliomaliza Kidato cha Nne wamejaa mjini wakizunguka na bahasha. Redioni nasikia wataalamu wakisema Kenya imeingia wakati wa neema, eti watu wa umri wa kufanya kazi wanaongezeka kuliko wategemezi. Neema gani hiyo, na imekwama wapi? Halafu nikienda nyumbani Vihiga naona wazee na watoto tu. Hao watu wa umri wa kazi wako wapi?

Jibu: Mwalimu, salamu zimefika. Neema unayoisikia redioni ipo, lakini kwa sasa ni neema ya hesabu, bado haijaingia mfukoni. Swali lako la mwisho, lile la Vihiga, ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hesabu inayotangazwa ni ya taifa zima na inaficha mengi. Nitalifikia, lakini kwanza nianze na darasa lako.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Ukiwapanga kwa umri, watoto wa miaka 0 hadi 4 walikuwa wachache kuliko wa miaka 5 hadi 9, na hao nao wachache kuliko wa miaka 10 hadi 14. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2009, mpangilio ulikuwa kinyume: wadogo kabisa ndio waliokuwa wengi kabisa. Ni kweli watoto wachanga hurukwa katika kila sensa, na sitaki ujenge hoja juu ya shule moja tu, maana huenda kuna akademi mbili zimefunguliwa karibu nawe zikakupunguzia wanafunzi. Hata hivyo, unachokiona Bahati kinalingana na kinachoonekana nchini. Umati umeshahama kutoka kliniki ya watoto, ukapita kwenye madarasa yako, na sasa uko kwenye lango la soko la kazi.

Umati huo ulitoka wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Kiwango hicho kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani, na kilitukuta tukiwa na mpango wa taifa wa kupanga uzazi tangu 1967, wa kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara. Mpango ulikuwepo kwenye karatasi kuliko kwenye zahanati. Baadaye mambo yakabadilika kwa kasi: 6.7 mwaka 1989, kisha 4.7 mwaka 1998. Hapo tukasimama. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2003 ulikuta 4.9, na wa 2008/09 ukakuta 4.6. Kwa miaka kumi hivi uzazi haukushuka.

Sababu zake hazikuwa siri. Fedha na nguvu za afya, za serikali na za wafadhili, zilielekezwa kwenye Ukimwi, na mama aliyetembea kilomita kadhaa kutafuta sindano ya kupanga uzazi akaambiwa zimeisha. Wakati huohuo vifo vya watoto vilikuwa vimepanda. Mwaka 2003, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mzazi anayeogopa kuzika hapunguzi uzazi. Vifo viliposhuka, hadi 52 mwaka 2014 na 41 mwaka 2022, uzazi nao ukaendelea kushuka: 3.9, kisha 3.4.

Sasa unganisha tarehe. Watoto wa miaka ile ya kusimama, waliozaliwa tangu mwisho wa miaka ya 1990 hadi karibu 2008, ndio waliokalia sakafu yako baada ya elimu ya msingi kufanywa bure mwaka 2003, na ndio hao wenye bahasha. Mvua inyeshayo milimani Elgon na Cherangani hufika Budalangi baadaye, kupitia mto Nzoia, wakati kule juu jua limeshawaka. Ukosefu wa kazi unaouona Nakuru leo ulinyesha katika wodi za kujifungulia miaka 20 hivi iliyopita, na hakuna aliyekuwa na haki ya kushangaa ulipofika.

Tuje kwenye neema yenyewe. Wataalamu wa idadi ya watu hugawa nchi katika mafungu matatu: walio chini ya miaka 15, wa miaka 15 hadi 64, na wa miaka 65 na zaidi. Fungu la kati huhesabiwa kuwa ndilo linalobeba mengine mawili. Ni mgawanyo wa kijumlajumla, kwa sababu kijana wa miaka 17 yuko shuleni na bibi wa miaka 70 bado analima, lakini unatusaidia kulinganisha. Katika sensa ya 1979 kila watu 100 wa fungu la kati walikuwa na wategemezi zaidi ya 100. Mwaka 2009 wategemezi walikuwa kama 87, na mwaka 2019 wakashuka hadi 75. Mzigo umepungua, na wataalamu wa redioni hawadanganyi.

Mzigo ukipungua, uchumi hunufaika kwa njia kadhaa. Ya wazi ni kwamba mikono ya kazi huongezeka kuliko midomo ya kulishwa, kwa hiyo pato la kila mtu hupanda hata kama kila mfanyakazi anazalisha kilekile cha jana. Ya pili ni akiba, kwani anayelipa karo ya watoto watatu anaweza kubakisha kitu ambacho mwenye wanane hakuwahi kukiona. Serikali nayo, badala ya kujenga madarasa mapya kila mwaka ili tu isiachwe nyuma na idadi, inaweza kununua vifaa vya maabara au kuajiri walimu zaidi. Nadhani hilo unalijua kuliko mimi.

Njia ninayoona haizungumzwi vya kutosha ni muda wa wanawake. Fanya hesabu rahisi. Ukichukua mimba na kunyonyesha kuwa miaka miwili na nusu kwa kila mtoto, mama wa watoto wanane hutumia miaka 20 ya maisha yake akiwa mjamzito au akinyonyesha. Mama wa watatu hutumia saba na nusu. Ile miaka 12 na ushee iliyobaki ndiyo nguvu kazi mpya kubwa kuliko kiwanda chochote kilichowahi kuahidiwa kwenye kampeni. Lakini inategemea mama huyo akute nini nje ya mlango wake: soko lenye paa, mkopo usiodai hati ya shamba lililoandikwa jina la mume, mahali salama pa kumwacha mtoto. Akikosa hivyo, muda wake unapatikana lakini haugeuki kuwa pato.

Mfano unaotajwa kila mara ni Asia ya Mashariki. David Bloom na Jeffrey Williamson, katika utafiti wao wa 1998, walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya ukuaji wa ajabu wa nchi zile kati ya 1965 na 1990 ilitokana na mabadiliko haya ya umri. Korea Kusini ilikuwa na uzazi wa watoto 6 hivi mwaka 1960, na katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa chini ya 2. Ona kasi hiyo: sisi tulichukua miaka 45 kutoka 8 hadi 3.4, wao walishuka kutoka 6 hadi chini ya 2 katika miaka 25. Uzazi ukishuka haraka, rika kubwa la vijana hufuatwa na rika dogo la watoto, na nafuu inakuwa kubwa. Ukishuka polepole kama wetu, kila rika kubwa linafuatwa na jingine linalokaribiana nalo, kwa hiyo nafuu ipo lakini haitoshi kumwinua mtu bila kusaidiwa.

Hata Korea haikuinuliwa na umri peke yake. Wasichana waliotoka vijijini walikuta viwanda vya nguo, viatu na nywele bandia vikiwangoja, na walikuwa wamesoma. Brazil nayo ilishusha uzazi kutoka 6 hadi chini ya 2 katika muda wa miaka 50, bila muujiza wa namna ile. Madeni ya miaka ya 1980 yaliwakuta vijana wake wakiingia sokoni. Afrika Kusini ina uwiano mzuri wa umri kuliko sisi, na bado watu zaidi ya 30 katika kila 100 wanaotaka kazi hawana. Umri huleta watu mlangoni tu. Kama ndani hamna kazi, wanabaki kusimama hapo nje.

Kwetu magharibi, jibu la imekwama wapi linauma zaidi, kwa sababu viwanda tulikuwa navyo. Kisumu ilikuwa na kiwanda cha nguo cha Kicomi, Webuye ilikuwa na kiwanda cha karatasi, na Mumias ilisaga miwa tangu 1973. Kicomi kilizimika miaka ya 1990, Webuye ikafunga 2009, na Mumias ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wadai, mwaka 2019. Sababu zilikuwa tofauti, kuanzia mitumba na uagizaji wa bei nafuu hadi madeni na usimamizi mbaya, na kila mmoja pale kwetu ana toleo lake la nani alikula nini. Linalonihusu ni wakati. Milango hiyo ilifungwa katika miongo ileile ambayo rika kubwa kuliko yote lilikuwa likizaliwa, likisoma na kukaribia mlangoni.

Takwimu za serikali zinasema mwaka 2023 uchumi ulitengeneza nafasi mpya za kazi 848,200. Inaonekana nyingi, mpaka uweke kando yake mambo mawili. La kwanza, kila mwaka vijana zaidi ya milioni moja wanafikisha miaka 18. La pili, takriban 85 kati ya kila nafasi 100 kati ya hizo zilikuwa juakali: bodaboda, mama mboga, kibanda cha simu, kibarua cha siku. Sidharau juakali, ndiyo inayolisha nchi hii. Lakini waendesha bodaboda wakiongezeka kuwa 20 kwenye steji iliyokuwa na 10, abiria ni walewale, na wamegawana umaskini. Mtu aliyeajiriwa katika hesabu ya serikali anaweza kuwa ndiye huyohuyo unayemwona wewe akizunguka na bahasha siku ambazo hana pikipiki.

Sasa Vihiga. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa, nao mwaka 2019 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Mdogo wako anayepanga chumba Kaptembwo alihesabiwa Nakuru. Binti wa jirani anayekata maua Naivasha alihesabiwa Nakuru pia, maana Naivasha iko humohumo. Waliobaki kuhesabiwa Vihiga ni mama yako na watoto walioachiwa. Kwa hiyo wale watu wa umri wa kazi unaowauliza umewaona tayari, Mwalimu. Unaishi nao, na wewe mwenyewe ni mmoja wao.

Wanaondoka kwa sababu inayoeleweka. Vihiga ilikuwa na watu 1,047 kwa kila kilomita ya mraba, mzigo wa mji kwenye ardhi ya kijiji. Baba aliyerithi ekari mbili na kuzaa wavulana watano hakuwa na shamba la kuwagawia, alikuwa na mahali pa kujenga nyumba na kuzikwa. Ufinyu huo ulifanya mambo mawili kwa pamoja: ulisukuma watu kwenye shule, kwa sababu elimu ndiyo urithi pekee usiogawanyika, na ukasukuma waliosoma kwenye mabasi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoongelea neema ya Kenya kana kwamba ni moja. Gharama ya kumlea mtu hadi miaka 18, yaani chanjo, maziwa, karo na sare, ilibebwa na boma la Vihiga na walimu wa Vihiga. Faida ya nguvu zake inaonekana Nakuru: kodi ya nyumba anayopanga, ada ya soko, biashara anayofungua, hata uzito wa kichwa chake katika mgao wa fedha za kaunti, kwa kuwa idadi ya watu ni moja ya vigezo vikubwa vya mgao huo. Nakuru inavuna vijana ambao haikuwapanda. Kinachorudi nyumbani kinapita kwenye simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 kinarudi kwa urahisi zaidi, nami naamini kimewaokoa wazee wengi kuliko mpango wowote wa serikali. Lakini pesa ya kutumiwa hununua dawa, unga na mabati. Ni nadra kununua mashine ya kuajiri mtu.

Ukienda kusini na magharibi kidogo, kuelekea Kisumu, Siaya na Homa Bay, kuna jeraha jingine ambalo hesabu ya mafungu matatu hailioni vizuri. Ukimwi uliua zaidi watu wazima, wale hasa wa fungu la kati. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 kulikuwa na maboma yenye bibi mmoja na wajukuu sita, bila mtu katikati. Dawa za kurefusha maisha zilipoenea, kifo kile kilirudi nyuma, na hiyo nayo ni nafuu ya umri, ingawa hakuna anayeitangaza kwa jina hilo. Lakini watoto waliolelewa na bibi ndio sehemu ya vijana wa leo, na wengi wao waliacha shule mapema kuliko walivyostahili.

Uzazi wenyewe haufanani. Uchunguzi wa 2014, uliokuwa wa kwanza kutoa picha ya kaunti zote 47, ulikuta Kirinyaga ikiwa na watoto 2.3 kwa kila mwanamke na Wajir 7.8. Kisumu ilikuwa na 3.6, Nakuru 3.7, Bungoma 5.0 na Homa Bay 5.2. Mtu akiniuliza neema ya Kenya itaanza lini, naona swali lina kaunti 47 ndani yake. Kirinyaga imeshaanza. Wajir bado inajenga madarasa.

Je, kuna la kufanya, au tungoje tu mkondo upite? Lipo, na ushahidi mmoja mzuri unatoka jirani yenu, Busia. Mwaka 1998 watafiti Michael Kremer na Edward Miguel walianza kufuatilia watoto katika shule 75, ambako baadhi walipewa dawa za minyoo mapema kuliko wengine. Utoro ulipungua. Kitu cha ajabu kilikuja baadaye: miaka 20 hivi tangu hapo, waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa wakipata kipato cha saa kikubwa kwa asilimia 13 kuliko wenzao. Wapo wataalamu waliobishia sehemu za utafiti huo, na mabishano yalikuwa makali. Mimi naupa uzito, kwa sababu unaonyesha kwamba ubora wa rika unaweza kuongezwa kwa kitu cha bei ya chini likiwa bado darasani. Rika lenu la Gredi ya 1, lile dogo kidogo, ndilo la kwanza ambalo nchi ingeweza kuligharimia zaidi kwa kila mtoto bila kuongeza bajeti. Kama idadi ikipungua na walimu nao wakapunguzwa kwa kisingizio hichohicho, basi tumeila nafuu kabla haijaiva.

Kuhusu waliokwisha kutoka shuleni, sitakudanganya kwamba chuo cha kiufundi peke yake kitatosha. Fundi bora asiye na umeme wa bei nafuu na mteja mwenye pesa ataishia kwenye bodaboda vilevile. Nakuru ina bahati ambayo magharibi haina: mvuke wa ardhini wa Olkaria unaozalisha umeme uko ndani ya kaunti, barabara kuu na reli zinapita, na maziwa, viazi na nafaka viko karibu. Ningekuwa na sauti, ningeelekeza fedha kwenye usindikaji wa vyakula hivyo katika miji midogo ya magharibi pia, ili basi la Vihiga lisiwe njia pekee ya kupata mshahara.

Kuna jambo moja hukuliuliza, lakini limo ndani ya swali lako. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mzigo wa wategemezi Kenya utaendelea kushuka kwa miongo kadhaa, kisha utapanda tena, safari hii kwa sababu ya wazee. Korea Kusini, iliyovuna sana, mwaka 2023 ilifikia uzazi wa 0.72 na sasa inahangaika. Thailand inazeeka kabla ya kutajirika. Sisi tulikuwa na watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi katika sensa ya 2019, na wale wa miaka 70 na kuendelea walioandikishwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Wewe una pensheni ya mwalimu. Yule kijana wa miaka 25 anayelipwa kwa siku Naivasha au Kaptembwo atafikisha 65 baada ya miaka 40, akiwa na watoto wawili au watatu wa kumtumia pesa kwa simu badala ya wale wanane waliomtunza babu yake. Akiba yake inapaswa kuanza sasa, wakati bado ana nguvu na midomo nyumbani ni michache, na kwa wengi wa juakali hakuna anayewakata hata shilingi kumi kwa ajili hiyo.